Msitu wangu umekuwa bonge la kijani

SWALI: Naishi Bombo, Same. Kila nikichora msitu wa Shengena kwa rangi za maji, picha inageuka bonge moja la kijani. Nakosea wapi?

JIBU: Nadhani unaanza na majani. Anza na ukungu. Lowesha karatasi nzito, ya gramu 300, kisha pitisha buluu hafifu sana na uiache isambae yenyewe. Huko ndiko iliko miti ya mbali. Subiri ikauke kabisa. Kwenye baridi ya milimani inachukua muda, na haraka ndiyo inayoleta tope.

Kijani cha kopo kiweke kando. Changanya buluu na njano, kisha tia tone la kahawia nyekundu. Ukizidisha njano unapata kangaga linalopigwa na jua. Ukizidisha buluu unapata kivuli chini ya mti wa mkulo.

Sasa sehemu ninayoipenda zaidi. Usichore jani la kangaga, chora giza lililo nyuma yake. Rangi ya maji haina nyeupe ya kurudishia, kwa hiyo mwanga ni karatasi uliyoiacha. Zungushia rangi nzito kwenye kingo za jani, jino kwa jino, nalo litajitokeza lenyewe. Fanya hivyo kwa majani matano au sita ya mbele tu. Kwingine kote acha madoa.

Na ukitaka kuchora kindege cha kijani chenye duara jeupe kuzunguka jicho, kiwekee nafasi mapema, kwa penseli.