SOMO LA JUMA: MCHANGO UNAOPITA KATIKA INTANETI

Tusome: 1 Wakorintho 16:1-4, 2 Wakorintho 8:1-21



Siku hizi huku Mugunga tunasikia mara nyingi kwamba ndugu fulani wa Canada au wa Ubelgiji amefungua mchango kwenye intaneti kwa ajili ya mayatima au wagonjwa wa kwetu. Wengine wanashangilia kabla ya kuona kitu. Wengine wanasema ni wizi tu. Sisi tusikimbilie upande wowote. Tuangalie jambo lenyewe.

Kuchanga kwa ajili ya watu wa mbali si jambo geni. Mtume Paulo aliwaagiza Wakorintho watenge kitu kila siku ya kwanza ya juma kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, ambao wengi wao hawakuwaona hata siku moja. Na watu wa Makedonia, waliokuwa maskini kabisa, ndio walioomba sana wahesabiwe kati ya watoaji. Lakini tuone vema: Paulo hakubeba fedha hiyo peke yake. Makanisa yalichagua watu wa kusafiri pamoja nayo, ili asiwepo wa kumlaumu. Nasi tunajua nsinsani: sadaka inatolewa mbele ya wote, inahesabiwa, inatangazwa. Ndivyo lilivyojengwa hekalu la Nkamba lililofunguliwa mwaka 1981.

Basi GoFundMe, iliyoanza Marekani mwaka 2010, ni meza ya namna hiyo, ila imewekwa ndani ya telefone. Mtu anaandika shida, anatia picha, anataja kiasi kinachotafutwa, na watoaji wanaongezeka mmoja mmoja. Kenya wanayo M-Changa, na jina hilo halihitaji kufasiriwa kwetu. Kenya hiyohiyo, mwaka 2011, wakati wa ukame wa Turkana, watu walitafuta shilingi milioni 500 na wakazipita. Wengi walituma kidogo kidogo kwa M-Pesa.

Ugumu wetu ni huu. Kongo haimo katika nchi ambamo mtu anaweza kufungua mchango wa GoFundMe. Kwa hiyo ndugu wa ng'ambo anafungua, fedha inaingia katika konti yake, kisha yeye anaituma Goma. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, benki zilifunga milango, na watu wakategemea zaidi fedha ya telefone. Katika safari hiyo yote, kutoka konti ya ndugu mpaka mkononi mwa mjane, ukurasa wa intaneti hauoni kitu. Meza iko wazi, njia imefichwa. Hapo ndipo Paulo angeuliza: nani wamechaguliwa kusindikiza?

Tusidhani udanganyifu ni wa Kongo peke yake. Mwaka 2017 huko Marekani watu walikusanya zaidi ya dola 400,000 kwa hadithi ya maskini mmoja aliyetoa dola zake 20 za mwisho kumsaidia mwanamke barabarani. Hadithi ilikuwa ya kubuni. Mwaka 2018 wenyewe walikamatwa, na watoaji wakarudishiwa fedha.

Kuna pia makato. Marekani, kila zawadi inakatwa asilimia 2.9 na senti 30 juu yake. Watu 50 wakitoa dola 2 kila mmoja, katika dola 100 zinapotea karibu dola 18. Wakizikusanya kwanza kanisani kwao, mmoja akazitoa kwa mara moja, zinapotea dola 3 na senti 20. Ndugu zetu wa ng'ambo waambiwe hesabu hii, maana tofauti hiyo ni unga wa mtu.

Sasa picha. Mugunga imepigwa picha tangu mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa hapa, na baadaye wakimbizi wa vita vya kwetu wenyewe. Februari 2025 kambi za Mugunga na Bulengo ziliondolewa, watu wakaambiwa warudi vijijini. Lakini picha ya hema haiondoki pamoja na hema. Mtu akiomba fedha kwa picha hiyo, aulizwe ni ya mwaka gani, na watu wale wako wapi leo. Na mama aliyepigwa picha na mtoto wake mgonjwa aulizwe kwanza kama amekubali. Shida yake si mali ya mwenye telefone.

Kwa kazi ya vikundi: Je, mchango ukifunguliwa kwa jina la parokia yetu, watu gani wawili au watatu tutawachagua kuupokea, wasio wa jamaa moja? Hesabu itasomwa Jumapili gani, pamoja na makato? Na yule aliyefungua mchango ataandikiwa nini, na sahihi ya nani, ili awaonyeshe waliotoa?