Kobe wa Aldabra

Katika bahari ya Hindi, kaskazini-magharibi ya Madagaska, kuna kisiwa cha Aldabra, nchi ya Shelisheli. Hapo wanaishi kobe wakubwa mno, wapata 100,000. Dume huweza kupita kilo 150. Zamani mabaharia waliwapakia kobe wa visiwa vingine wangali hai, wawe nyama ya safari, hata wakaisha. Mbona wa Aldabra walisalia? Maji matamu ni haba, na mawe yake hukata viatu kama visu. Tena Uingereza ilitaka kujenga hapo uwanja wa ndege za vita. Wataalamu wakapinga, na mwaka wa 1967 shauri likaachwa. Yuko pia ndege mdogo asiyeweza kuruka, wa mwisho wa namna hiyo katika bahari ile. Palipo na paka, walioletwa na watu, yeye hayuko.