Kuuza Gari kwa Maneno Yasiyo ya Kweli: Dhima ya Muuzaji na Haki ya Mnunuzi

 

Katika darasa za Fiqhi tumesoma mlango wa kuuza na kununua, na mifano ya vitabu ni ngamia, kondoo na tende. Leo tutaisoma hukumu ile ile katika jambo lililo majumbani mwetu: mtu kumuuzia mwenzake gari na kumwambia kuwa bado lina waranti, kumbe halina.

WARANTI NI NINI?

Waranti ni ahadi ya kiwanda au wakala wake kulitengeneza gari bila malipo likiharibika ndani ya muda maalumu. Ahadi hii huwa na masharti. Aghlabu huwekwa kwa miaka na kwa kilometa, na inakwisha kwa kitakachotangulia kati ya viwili hivyo. Inaweza kuvunjika kama sevisi haikufanywa kama ilivyoagizwa. Nyingine humfuata mmiliki mpya, nyingine humfunga mmiliki wa kwanza tu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na karatasi ya waranti mkononi na waranti yenyewe imekwisha.

MFANO

Mtu ana gari alilolinunua jipya miaka 2 iliyopita. Waranti yake ni miaka 3 au kilometa 100,000. Anamwambia jirani yake, "Waranti bado mwaka mzima, usiwe na wasiwasi." Jirani analipa shilingi milioni 38. Baada ya wiki mbili gia boksi inakufa. Kwa wakala anaambiwa kuwa gari lilishapita kilometa 104,000 kabla halijauzwa, na waranti ilikufa hapo. Muuzaji anaapa kuwa hakujua. Alihesabu miaka na kusahau kilometa.

Je, muuzaji ana dhima? Wengi watasema, "Hakukusudia, basi yamekwisha." Hapa ndipo penye funzo letu.

HUKUMU YA SHARIA

Allah (S.W.) katika Suratun-Nisaa aya ya 29 ametukataza kuliana mali kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Jirani yule aliridhia gari lenye waranti, na gari hilo halikuwepo.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi'i wanampa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu kwa ajili ya upungufu, na wametaja sababu zake 3:

1. Kitendo cha kuhadaa. Zama za Mtume (S.A.W.) walikuwepo waliomwacha mnyama siku kadhaa bila kumkama ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume (S.A.W.) alikataza, na akampa mnunuzi hiari ya kumbakisha au kumrudisha pamoja na pishi ya tende, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Kurudisha nyuma kilometa za gari ni kiwele kile kile.

2. Aibu, yaani kasoro inayopunguza thamani na ambayo kwa desturi haitarajiwi. Mfano ni gari lililopinduka kisha likanyooshwa na kupakwa rangi.

3. Sifa iliyoshurutishwa kisha ikakosekana. Hapa ndipo inapoingia waranti. Muuzaji ameitaja, mnunuzi amenunua kwa ajili yake, na haipo.

Tazama sababu hii ya tatu vizuri. Haikuuliza kama muuzaji alikusudia. Aliyesema uongo kwa kujua ana mambo mawili shingoni: dhambi mbele ya Allah na haki ya mnunuzi. Aliyekosea kwa nia njema amesalimika na dhambi ya kudanganya, lakini haki ya mnunuzi iko pale pale, kwani fedha iliyotoka mfukoni ni ile ile.

Hiari hii ina adabu zake. Mnunuzi akishajua, asicheleweshe. Hatulazimishi akimbie usiku wa manane au akatize chakula chake, lakini akiendelea kulitumia gari kwa shughuli zake huku anajua, amelikubali. Na kama gari limepata kasoro mpya mikononi mwake, mfano limegongwa, hawezi kumlazimisha muuzaji alipokee. Hapo atadai sehemu ya bei. Ikiwa gari lenye waranti thamani yake ni milioni 40 na lisilo nayo ni milioni 36, upungufu ni sehemu moja ya kumi. Basi katika bei ya milioni 38 atarudishiwa 3,800,000.

Wako wanaosema, "Nakuuzia kama lilivyo, sitaki lawama." Katika madhehebu yetu neno hilo halimwokoi mwenye kuijua kasoro akaificha.

SHERIA YA NCHI

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) iko karibu na tuliyoyasoma. Aliyekubali mkataba kwa kudanganywa, au kwa maelezo yasiyo kweli hata kama msemaji aliyaamini, anaweza kuuvunja. Anaweza pia kuushikilia na kudai awekwe katika hali ambayo angekuwa nayo lau maelezo yale yangekuwa kweli.

Lakini zingatieni mambo matatu. Kwanza, kama muuzaji alikosea bila hila, na mnunuzi alikuwa na njia ya kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, haki ya kuuvunja mkataba humponyoka. Simu moja kwa wakala huenda ingetosha. Pili, kinga ya ubora iliyomo katika Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 214) humhusu muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa hizo. Ukinunua kwa mtu binafsi, aghlabu unategemea maneno yake, hivyo maneno hayo yana uzito mkubwa. Tatu, mbele ya sheria hiyo kunyamaza peke yake kwa kawaida si udanganyifu. Kwa Muislamu si hivyo. Hadithi ya Uqba bin Amir (R.A.), aliyoipokea Ibn Majah, yafundisha kuwa si halali kumuuzia ndugu yako kitu chenye aibu bila kumbainishia. Mahakama inaweza kukuachia, na bado ukawa na deni.

MAMBO YA KUFANYA

Muuzaji: usiseme "bado ina waranti" kwa kukumbuka tu. Toa kitabu cha waranti na rekodi za sevisi, taja kilometa, na usilolijua sema hulijui.

Mnunuzi: muulize wakala kwa namba ya chesisi kama waranti ipo na kama itahamia kwako. Andikeni kila lililoahidiwa katika hati ya mauzo, mweke na mashahidi.

Dalali na rafiki: nanyi mna sehemu. Imepokewa kuwa Sahaba Wathila bin Al-Asqa' (R.A.) alimfuata mtu aliyekwisha kununua ngamia, akamjulisha kuwa ngamia yule ana tundu katika kwato. Hakuwa muuzaji wala mnunuzi, lakini alijua, akasema.

MASWALI

1. Taja sababu 3 za hiari ya upungufu na utoe mfano wa gari kwa kila moja.
2. Muuzaji aliyekosea bila kukusudia anasalimika na nini, na anabaki na nini?
3. Kwa nini mnunuzi asicheleweshe kurudisha?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa wauzianao wakisema kweli na kubainishiana hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa. Tumwombe Allah (S.W.) atupe riziki ya halali na ndimi za kweli. Amin.