Gari la Kazi na Kodi ya Mtumishi
Ndugu wanakamati, mtumishi akipewa gari la ofisi na kulitumia pia kwa safari zake binafsi, faida hiyo hutozwa kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ilipanga thamani yake kwa ujazo wa injini: gari lisilozidi cc 1,000 ni Sh. 250,000/= kwa mwaka; likizidi hapo hadi cc 2,000 ni Sh. 500,000/=. Gari lililopita miaka mitano huhesabiwa nusu.

Kiasi hicho huongezwa kwenye mshahara, ndipo kodi ikatwe. Anayekatwa asilimia 30 atalipa Sh. 150,000/= kwa zile 500,000/=.

Sisi tuliruhusiwa gari lisilozidi cc 2,000. Tulibishana siku nzima kati ya cc 1,300 na cc 1,800, tukidhani dogo litamwokolea mtumishi kodi. Kumbe yote yamo daraja moja! Dogo lilituokolea mafuta tu, na masika lilikwama mara mbili.

Jambo moja hatukuuliza mapema: mwajiri asipodai gharama za gari hilo katika hesabu zake za kodi, mtumishi hahesabiwi faida hiyo. Mwulizeni mhasibu wenu kabla ya kununua.