Kufundisha Habari za Wafalme wa Kilwa: Kisa cha Nguo

Mwalimu afundishaye habari za ufalme wa Kilwa mara nyingi huanza na jahazi la Washirazi. Jahazi latia nanga, mfalme ateremka, mji wajengwa. Mtoto wa Kilwa au wa Lindi anayesikiliza hupata fundisho ambalo mwalimu hakulikusudia, kwamba wazee wake walikuwa watazamaji tu. Sisi twashauri somo lianze na mwenyeji, yaani Mrimba.

Wazee wa Kilwa, ambao masimulizi yao yaliandikwa kwa Kiswahili wakati wa utawala wa Wajerumani, walieleza kuwa Mrimba alikuwa mkubwa wa Kisiwani kabla ya kufika Ali bin Selemani Mshirazi. Mgeni huyo alitoa zawadi, akamwoa binti wa Mrimba, kisha akakitaka kisiwa. Bei ilikuwa nguo. Zilitandazwa hata kufika bara, na Mrimba akahama. Baadaye aliyetawala alikuwa mtoto wa yule binti.

Kisa hiki chaigizwa kwa urahisi katika darasa la tano; kanga chache zatosha. Lakini walimu wengi huishia katika kicheko cha kanga kutandazwa uwanjani, na somo likapotea hapo. Baada ya mchezo, wanafunzi waulizwe: ikiwa nguo zilitosha kununua nchi, ndoa ilitafutiwa nini? Mwalimu asiharakishe kujibu. Wakiachwa wabishane, baadhi yao watafikia wenyewe wazo kwamba haki ya kutawala ilipitia pia kwa mama, aliyekuwa mwenyeji.

Ndipo uletwe ushahidi mwingine. Tarihi ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros aliichapisha kwa lugha yake mwaka 1552, yamtaja mfalme wa kwanza kwa jina jingine, Ali bin al-Hasan. Sarafu zenye jina hilo zimeonekana. Neville Chittick, aliyechimbua magofu ya Kilwa tangu miaka ya 1950, alimweka mfalme huyo mwishoni mwa karne ya 12. Lakini hazina ya sarafu iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 imewafanya wataalamu wamrudishe hadi karne ya 11. Kwa hiyo mwalimu asishangae akikuta vitabu viwili vikipingana, wala asiwafiche wanafunzi jambo hilo. Uchimbaji umeonyesha pia kuwa watu walikaa kisiwani tangu karne ya 9 hivi, kabla ya mfalme huyo. Na uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023, waonyesha kuwa asili ya Kiajemi ilitoka zaidi kwa wanaume, na ya Kiafrika zaidi kwa wanawake. Binti wa Mrimba hatajwi humo, lakini darasa litamkumbuka.

Kuhusu wafalme waliofuata, haifai kukaririsha orodha. Mmoja atosha: al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa, na ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331. Watu walimwita Baba wa Vipawa kwa ukarimu wake. Utajiri wa Kilwa ulitokana sana na dhahabu iliyopitia Sofala. Hata hivyo Ibn Battuta huyo huyo aandika kuwa mfalme alikwenda bara kuvamia watu na kuteka mali. Mambo haya mawili yasomwe pamoja, na wanafunzi waulizwe vipawa vile vilikuwa mali ya nani. Twafahamu kuwa walimu wengine huliepuka swali hili kwa heshima ya mji. Sisi twaona mtoto wa bara aliyeketi darasa hilo hilo anastahili kulisikia.

Kwa kazi ya nyumbani, kila mwanafunzi amwulize babu au bibi yake kisa cha nguo kama anakijua, akiandike kwa maneno ya msimulizi. Kesho yake visa visomwe kwa sauti. Panapotofautiana jina la mfalme au la mwenyeji, mwalimu asisahihishe kwa kalamu nyekundu. Aandike majina yote ubaoni, na kando ya kila moja aandike limetoka kwa nani.