Hima ya Misali: Darasa katika Kuhifadhi Mali ya Watu Wote

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ama baad. Kisiwa cha Misali kiko magharibi ya Pemba, upande wa Chake Chake, nacho ni kidogo mno. Nchi yake kavu haifiki kilometa moja ya mraba. Hapana mtu akimilikiye. Ni ardhi ya Serikali, na bahari ikizungukayo ni ya kila mwenye chombo. Wazee wa Pemba husimulia kwamba Nabii Hadhara alifika hapo akataka msala wa kusalia, asipate, akasema kwamba kisiwa chenyewe ni kama msala kwa namna kilivyoelekea kibla, na hapo ndipo lilipotoka jina la Misali. Riwaya hii haina isnadi, wala haitolewi hapa iwe hoja katika hukumu. Imetajwa ili msomaji ajue kwamba watu wa Pemba walikuwa wakikiheshimu kisiwa hiki kabla ya Serikali yoyote kukiandikia sharia.

Heshima hiyo haikuzuia madhara. Miamba ya Misali ina matumbawe ya namna nyingi na samaki wa mamia ya jinsi, na kasa hupanda pwani kutaga. Wavuvi zaidi ya elfu moja hupata riziki zao hapo, na wengine hupiga dago kisiwani siku nyingi kabla ya kurudi kwao. Miongoni mwao wakatokea waliotumia baruti na utupa na nyavu za macho madogo. Baruti haichagui. Huua changu mkubwa na kitoto chake pamoja, samaki wengi huzama wasiokotwe, na tumbawe lililochukua miaka mingi kukua huvunjika kwa mshindo mmoja. Kisha, katika miaka ya 1990, pakawa na mashauri ya kukikodisha kisiwa kwa watu wa hoteli. Wavuvi wakakataa, kwani dago lao lingepotea.

Hapo ndipo mikono ilipokutana. Serikali ya Zanzibar ilikitangaza Misali kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Wavuvi wakawa na jumuiya yao ya kukihifadhi kisiwa, ikakaa pamoja na maafisa wa Serikali katika kupanga mambo. Jumuiya ya CARE ikatoa msaada wa fedha na mafundisho. Na kwa kuwa makatazo ya Serikali peke yake yalikuwa hayajafaa sana, ikaitwa jumuiya ya Kiislamu ya Uingereza iitwayo IFEES, ambayo mwanzilishi wake ni Fazlun Khalid, kuja kusomesha masheikh, walimu na wavuvi yaliyomo katika Qurani juu ya viumbe vya Mwenyezi Mungu, na juu ya israfu na ufisadi katika nchi na bahari. Wako wavuvi walioitupa amri ya Serikali, lakini walipoonyeshwa aya wakanyamaza, wakaacha.

Suali. Samaki wa bahari ni mubaha, ni wa yule amtiaye mkononi. Na imepokewa katika Hadithi kwamba Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto. Je, yajuzu kumwambia mvuvi, "Hapa usitupe mshipi," na hali bahari si ya mtu?

Jawabu. Asili ya jambo hili ni mlango wa hima katika vitabu vya fiqhi. Hima ni mahali pasipomilikiwa na mtu, pakazuiliwa malisho yake kwa ajili ya maslaha ya Waislamu wote. Mtume (S.A.W.) aliifanya Naqii kuwa hima ya farasi, na imesihi kwake kwamba hapana hima ila ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Wanazuoni wa Kishafii wakahitilafiana: je, yuko baada ya Mtume awezaye kuweka hima? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ametaja katika Minhaj kwamba kauli iliyo dhahiri zaidi ni kuwa Imamu aweza, kwa wanyama wa sadaka na mfano wao, na kwa ajili ya mtu dhaifu asiyeweza kwenda mbali kutafuta malisho. Na kwamba aweza kuivunja hima yake ikitokea haja. Wala hawezi kujiwekea mwenyewe. Bahari si malisho, na kiasi hiki chataka hadhari. Lakini illa ni moja, nayo ni kuzuia kidogo ili kilicho cha wote kisiangamie. Ama baruti haikuhitaji hata kiasi, kwani kudhuru kumekatazwa kwa asili.

Lililo zito ni sharti ya mtu dhaifu. Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka Hunayy kuangalia hima, alimwagiza amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na wanyama wa matajiri kama Ibn Auf na Ibn Affan, kwani tajiri akifiwa na wanyama wake anayo mashamba ya kurejea, na maskini akifiwa na wake atakuja na watoto wake kuomba, na majani ni rahisi kuliko dhahabu na fedha. Basi hapa ndipo pa kuipimia Misali. Iliyozuiwa kabisa uvuvi ni sehemu ndogo tu, upande wa magharibi. Penginepo mvuvi wa ngalawa huvua kwa mshipi na dema. Lau ingezuiwa yote, kisha wageni wenye mali wakaachiwa pwani kwa ada, ingekuwa ni kinyume cha wasia wa Umar, japokuwa karatasi zake zingeandikwa vizuri. Ada ya wageni nayo ni mali ya umma, haina budi wavuvi waione faida yake.

Na ile haja ivunjayo hima, au iizidishayo, hujulikanaje? Haijulikani kwa kukisia. Kwa hiyo watu wa elimu ya bahari, wakiwamo wa Chuo cha Sayansi za Bahari kilichoko Unguja chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana nafasi yao katika kadhia kama hii. Wao huzamia, huhesabu matumbawe na samaki, hurudi tena mwaka mwingine wakahesabu. Mwaka ule ule wa 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakageuka meupe, na ya Misali mengi yakafa. Asiyekuwa na hesabu angedhani wavuvi wamevunja ahadi, akawatia adabu kwa kosa lisilo lao.

Mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa mpaka ikashika mkondo na pwani ya magharibi ya Pemba, na Misali ikaingia ndani yake. Vijiji vilivyoingia navyo vikawa vingi zaidi, na sharti ya mtu dhaifu yalazimu huko kama ilivyolazimu Misali.

Wallahu aalam.