Dawa Ibaki Mwilini, Isifike Mtoni
Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Kasongo na Kabambare

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya familia, wauguzi, wauza dawa na wafugaji. Hoja yake ni moja: dawa inayotuponya inaweza kumuua kamba mdogo wa kijitoni, kwa sababu hufanya kazi kwa kuzishika protini fulani, na baadhi ya protini hizo kamba naye anazo. Mahali pa dawa ni mwilini mwa mgonjwa. Kinachobaki kizuiwe kisifike Luama, Lualaba wala vijito vinavyoingia humo.

Protini zinazofanana

Tukisikia protini tunafikiria maharagwe na samaki. Lakini ndani ya kila kiumbe protini ndizo zinazochapa kazi: hubeba hewa katika damu, humeng'enya chakula, hupokea amri za neva na kujenga mayai. Dawa nyingi huponya kwa kuigusa protini moja kati ya hizo. Mwaka 2008 watafiti wa Sweden walichunguza protini za binadamu zipatazo 1,300 zinazolengwa na dawa, wakazilinganisha na za viumbe wa majini. Asilimia 86 zilikuwa na protini zinazofanana nazo kwa samaki aina ya zebra, na asilimia 61 kwa dafnia, kiumbe wa milimita chache aliye jamaa ya kamba na kaa. Si kila dawa, basi, itamdhuru. Sulfamethoksazoli, kwa mfano, hulenga kimeng'enya cha bakteria ambacho wanyama hawana. Hatari iko pale protini zinapofanana.

Mfano ulio karibu nasi ni ivermektini, yaani Mectizan, inayotolewa bure tangu 1987 ili kuzuia upofu wa mtoni, na inayogawiwa pia katika maeneo ya Maniema yenye ugonjwa huo. Mgawaji humpima mtu kwa kijiti cha urefu, kisha humpa kidonge kimoja hadi vinne vya miligramu 3. Dawa hiyo hushika protini iliyo kama mlango kwenye seli za neva na misuli ya minyoo. Mlango hubaki wazi, chembe za kloridi huingia, na mnyoo hupooza. Binadamu hana mlango wa aina hiyo, ndiyo maana dawa ni salama kwake. Wadudu, kamba, kaa na dafnia wanao.

Je, kidonge kimoja kitaudhuru mto mzima?

Wapo watakaosema Lualaba ni mpana, na dawa ni kidogo. Tupige hesabu. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa nanogramu 5.7 za ivermektini katika lita moja ya maji huua nusu ya dafnia kwa saa 48. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kidonge kimoja, kikiyeyuka chote, kinatosha kuyafikisha katika kiwango hicho maji ya bidoni zaidi ya 26,000 za lita 20. Ni kweli kwamba mtoni dawa hiyo huharibiwa na jua na kunata kwenye matope, kwa hiyo madhara halisi hupungua. Lakini matope ndiyo malisho ya kamba na kaa, na wakati wa kiangazi kijito huwa chembamba. Mto mkubwa hauwezi kuwa kinga ya kijito kinachoulisha.

Wengine watasema mambo haya ni ya miji yenye viwanda. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 ulipima mito 258 katika nchi 104, na takriban robo ya sehemu zilizopimwa zilikuwa na dawa kupita kiwango salama kwa viumbe wa majini. Katika Mto Nairobi zimekutwa antibiotiki na dawa za UKIMWI, na antibiotiki zimekutwa pia katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Chanzo kikubwa ni haja kubwa na ndogo zisizohifadhiwa vizuri. Penye watu, dawa na maji machafu yanayotiririka, njia ni ileile.

Pingamizi zito zaidi ni hili: afya ya mtu itangulie. Tunakubali kabisa. Asiwepo atakayekataa Mectizan kwa kumhurumia dafnia. Upofu ni msiba wa nyumba nzima. Lakini hatulazimiki kuchagua kati ya macho na samaki. Dafnia hula mwani, vifaranga vya samaki humla dafnia, nasi tunakula samaki.

Tufanye nini

Ivermektini hutoka mwilini karibu yote kwa njia ya haja kubwa, kwa muda wa siku kama 12. Basi, ndugu zetu, choo ndicho kinga ya kwanza: kichimbwe mbali na kijito na kisima, na kila mtu akitumie, hasa baada ya ugawaji wa dawa. Wafugaji wanaochoma mbuzi na ng'ombe sindano ya ivermektini wawanyweshe kwenye ndoo, wasiwaingize mtoni siku zinazofuata. Vidonge vilivyobaki au kupitwa na muda virudishwe kwenye kituo cha afya. Visitupwe chooni wala majini. Wauza dawa nao wasioshe chupa kijitoni, na mizigo iliyoharibika waikabidhi kwa zone ya afya.